Abiria Hutazama Bahari

Kwetu Skarvoy, kisiwa cha wavuvi kaskazini ya mbali, ukipanda mashua ya mvuvi na wewe si mwenyewe, unakaa juu ya kasha la mbele na kutazama bahari. Nchi kavu unaipa mgongo. Miaka ile hakukuwa na chombo cha kumwambia mtu yuko wapi majini. Macho ndiyo yalikuwa ramani. Mvuvi alipata mahali pake kwa alama: ncha ya kanisa ikikaa sawasawa juu ya mwamba fulani, na pengo la mlima likikaa sawasawa juu ya ghala fulani, hapo hapo anatia nanga. Sasa wewe abiria ukitazama pwani wakati mwenzako ametia nanga, umeshamwibia, hata kama nyumbani kwako huna ndoano. Mchungaji wetu mmoja aligeuka kidogo tu kufuata kofia yake iliyopeperuka. Alirudishwa gatini bila kuulizwa kama ameipata, na Jumapili ile alihubiria viti.

Ndiyo maana picha za Jorunn, kwa miaka na miaka, zilikuwa bahari tupu.

Jorunn alikuwa mjane, amevuka sitini, viganja vipana kama makasia kwa sababu tangu usichana wake alikuwa akitundika samaki kwenye vichanja vya kukaushia. Kamera aliachiwa na marehemu mumewe, Sigvald, ambaye katika uhai wake wote alipiga nayo picha za harusi za watu na kuwakata vichwa karibu wote. Jorunn hakutaka harusi. Alitaka bahari, na aliitaka wakati wa baridi tu. Kiangazi alikuwa akisema bahari imejipamba kama inakwenda kwa wakwe, haisemi ukweli. Februari ndiyo inasema. Februari maji yanafuka moshi kwa baridi, mawimbi yana rangi ya risasi, na jua linakuja mchana kidogo, linachungulia, linaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba.

Basi utamwona ametoka, sweta tatu, kamera ameitia ndani kifuani kama mtoto mchanga. Kamera ikipata baridi sana inakataa kufunga jicho. Akiitoa, anabana pumzi, maana pumzi ikigusa lenzi inaganda hapo hapo na siku imekwisha. Filamu aliizungusha taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Ukiharakisha kwenye baridi ile inakatika kama jani kavu. Na akirudi nyumbani, kamera hairuhusiwi kuingia jikoni. Inalazwa kibarazani ndani ya mfuko mpaka kesho yake, ipate joto pole pole, la sivyo kioo kinatoa machozi ndani kwa ndani na hakuna wa kuyafuta. Wanawake wa vichanjani walimtania kwamba Sigvald hakuwahi kutunzwa hivyo hata siku moja. Yeye akawajibu kwamba Sigvald hakuwahi kutoa picha nzuri.

Aliyekuwa akimpeleka baharini ni shemeji yake, Eilif, mdogo wake Sigvald. Kapera, mrefu, kiko mdomoni hata kama hakina tumbaku. Eilif alikuwa na kimashua cha wazi chenye injini ndogo ya kukohoa, mshipi wa mkono, na mahali pake. Mahali pale alikuwa amepaona mwenyewe ujanani na hakuwahi kumwonyesha mtu, hata kaka yake. Hakuwa na mke, wala mtoto, wala shamba. Alikuwa na mahali pale. Skrei, yule samaki mkubwa wa majira ya baridi, aliowatoa pale walikuwa wakiburuza mikia chini akiwabeba, na hapo namtaja mtu mrefu.

Ukimwuliza amewapata wapi, anajibu, "Majini." Akiwa dukani asubuhi anatangaza anakwenda fungu la kusini, akishatoka bandarini anakwenda kokote isipokuwa kusini. Kijiji kizima kilijua ni uongo na kiliuheshimu, maana ni haki ya mvuvi.

Mmoja tu ndiye haki hiyo ilimkaa kooni. Arnulf alikuwa na boti kubwa ya chuma, injini ya kutikisa vikombe kabatini kwa watu, na shida moja maishani: samaki wa Eilif walikuwa wakubwa kuliko wake. Alimfuata miaka. Eilif akimwona anakuja, anatia nanga popote pale, anakaa, anavuta kiko. Mshipi hatii. Arnulf naye anakaa. Wanakaa hivyo watu wazima wawili mpaka jua linazama, halafu kila mtu anarudi mikono mitupu na Eilif anamwamkia gatini vizuri kabisa.

Jorunn kwa upande wake alikaa kwenye kasha miaka yote ile, mgongo pwani, na hakuwahi kumwibia. Mpaka siku moja ya Februari, tulivu, baridi ya kuuma meno. Alikuwa akitazama moshi wa bahari, mweupe, na ghafla ule moshi ukageuka rangi ya waridi, kama nyama ya samaki wa mito ya kwetu. Akajua kuna kitu nyuma yake kinawaka. Alijizuia. Naamini alijizuia kweli, maana alikuwa mtu wa adabu. Halafu akageuka.

Jua lilikuwa limepita chini ya wingu likaupiga mlima mzima. Theluji yote imewaka, kanisa dogo chini yake jeusi kama kipande cha mkaa, mwamba wa ndege mbele, na bahari inafuka kana kwamba chini wamekoka moto. Jorunn alibana pumzi akapiga. Mara moja.

Eilif aliusikia ule mlio mdogo. Aliuweka mshipi chini.

"Umegeuka, shemeji."

"Nimegeuka."

Kiko cha Eilif kilisimama mdomoni. Jorunn akajitolea kuifungua kamera hapo hapo, filamu ipigwe na mwanga, yaishe. Eilif akauzuia mkono wake. Hakuwa mtu wa kuharibu kitu cha mtu. Akamwomba kitu kimoja: asiitoe picha ile kwenye karatasi wakati yeye yuko hai, wala asimwonyeshe mtu. "Siku ukinizika," akamwambia, "itundike hata kanisani. Siku hiyo mimi sihitaji tena samaki." Jorunn akampa mkono. Kwetu mkono ukishatolewa, umetolewa.

Filamu aliisafisha, picha kwenye karatasi hakuitoa. Ule ukanda aliutia kwenye kopo la kahawa, kwenye chumba cha chini cha nyumba yake anakosafishia picha. Mara moja moja aliuinua kwenye taa akatazama. Picha nyingine zake zote alizijua ni nzuri. Hii alijua ndiyo yenyewe, ndiyo aliyozaliwa kuipiga, na haitaonwa na mtu mpaka mtu afe. Akalifunga kopo, akarudi kwenye bahari tupu.

Majira ya baridi ya tatu baada ya hapo, Eilif aliaga dukani kama kawaida, fungu la kusini, akatoka. Asubuhi ilikuwa shwari. Baadaye upepo ukaamka kutoka bara, ukaja na mapazia ya theluji, moja linapita, lingine linafuata, mtu huoni hata mkono wako. Saa za kurudi zikapita. Mashua zikatoka kumtafuta, zote zilizokuwa na injini ya maana, na zikaenda wapi? Kusini. Watu wanajua Eilif anadanganya, lakini ukishajua mtu hayuko kusini, bado hujui yuko wapi, na bahari ni kubwa. Wakaanzia alikosema.

Jorunn alisimama gatini akiziona zinapotelea kwenye theluji. Kwenye ile dunia nzima nyeupe, yeye peke yake alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndani ya kopo la kahawa. Eilif hutia nanga kabla hajagusa mshipi. Kama injini imekufa, basi nanga ndiyo imemshika, na kama nanga imemshika, yuko pale pale.

Lakini alisita, na nitasema kwa nini. Mwaka uliopita watu walimtafuta Eilif mchana kutwa, wakamkuta nyuma ya kisiwa kidogo amekoka moto, anachemsha kahawa. Aliwacheka mpaka Pasaka. Je, kama leo naye anachemsha kahawa? Akirudi jioni akakuta mahali pake pameshatundikwa hadharani, atakuwa amebaki na nini? Utakuwa umemwua mtu ili umwokoe. Jorunn alikwenda nyumbani, akarudi gatini, akaenda tena nyumbani. Mwanga ukaanza kupungua. Akatia mkono mfukoni akakutana na glavu ambazo hakuzivaa, akatazama vidole vyake vilivyokuwa vyekundu kwa kusimama gatini tu, akawaza vya yule aliyeko majini. Hapo akaamua.

Bandarini boti iliyobaki ni moja, ilikuwa imechelewa kwa sababu mwenyewe alikuwa akiyeyusha barafu kwenye bomba la mafuta. Boti ya Arnulf. Kati ya watu wote wa Skarvoy.

Jorunn alimwita. Walikwenda nyumbani kwake, wakashuka pamoja kwenye chumba cha chini. Waliujaribu ukanda kwenye taa kwanza, lakini kwenye filamu rangi zimepinduka, theluji ni nyeusi na kanisa ni jeupe, ncha yenyewe nyembamba kama mguu wa mbu. Huwezi kujua imekaa juu ya nini. Ilibidi itoke kwenye karatasi. Na dawa za kusafishia zilikuwa baridi kama bahari yenyewe, maana chumba kile hakikuwashwa moto. Dawa baridi haiitoi picha. Jorunn akateremsha birika la kahawa kutoka jikoni, akaimimina kahawa ya moto kwenye sufuria, akaliweka beseni la dawa ndani yake, akawasha taa nyekundu, akaimulika karatasi kupitia ule ukanda, akaizamisha.

Walisimama wameinama, bega kwa bega, chumba kinanuka kahawa na dawa. Karatasi ikabaki nyeupe. Arnulf, ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe, alinyamaza. Kwanza likaja kanisa. Halafu mwamba wa ndege, chini yake sawasawa. Halafu taratibu, upande wa pili, ghala la zamani la chumvi, na juu yake lile pengo la mlima, limekaa kama kofia.

Miaka yote ile Arnulf alikuwa ametafuta kitu kile, na sasa kilikuwa kinaelea mbele yake kwenye maji. Jorunn hakuitazama picha. Alimtazama Arnulf. Arnulf akavuta pumzi.

"Hapo," akasema. "Nimepita hapo mara mia."

"Arnulf," Jorunn akamwambia, "hiki si changu kukupa."

"Najua, dada. Vaa sweta."

Kwenye boti, Jorunn kwa mazoea alikwenda kukaa mbele, mgongo pwani. Arnulf akamwita kutoka kwenye usukani: "Dada, leo geuka. Macho yangu hayatoshi." Akageuka. Akaishika picha mbichi kwa mikono miwili mbele ya nchi halisi, picha inaganda inakuwa ngumu kama ubao, na kila pazia la theluji likifunguka kidogo anapiga kelele: ncha bado iko kushoto, sasa imefika ukingoni mwa mwamba, pengo bado, bado, endelea. Mwanga uliobaki ulikuwa wa buluu, ule wa mwisho. Ncha ikapanda juu ya mwamba. Pengo likakaa juu ya ghala. Na pale palipokutana, palikuwa na kipande cheusi kinachopanda na kushuka.

Mashua ilikuwa imevaa barafu yote, mpaka kamba ya nanga ilikuwa nene kama paja. Eilif alikuwa amekaa ndani yake akitupa maji kwa kopo, polepole sana, kopo limeganda mkononi na mkono umeganda kwenye kopo. Alikuwa hai. Aliinua macho akaiona boti ya Arnulf, kati ya boti zote, akamwona Jorunn, akaiona karatasi aliyoshika. Watu wawili wale walikuwa wameshamkamata mabega kumvuta.

"Mngeniacha," akasema.

Walimpeleka bara, hospitali. Huko walimkata vidole. Mkono wa kulia alibakiwa na gumba na jirani yake, wa kushoto gumba peke yake. Jorunn alihesabu moyoni kila safari aliyokwenda na kurudi kati ya gati na nyumba yake, na hakuna mtu aliyemwambia vidole vile vilikatika kwa ajili ya safari zile, wala hakuna aliyemwambia havikukatika kwa ajili hiyo.

Eilif alirudi Machi, samaki bado wamejaa. Jorunn alimpelekea samaki wa kuchemsha na maini na mayai yake. Alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Aliacha sahani ngazini. Kesho yake sahani ilikuwa ngazini kwake, imeoshwa, hakuna neno. Ikawa hivyo siku zote zile: sahani inakwenda, sahani inarudi. Ukitaka kujua mtu alivyokasirika, usitazame anayevunja vyombo. Tazama anayeviosha kwa kidole na gumba.

Halafu asubuhi moja alikuja mwenyewe, akasimama nje ya dirisha la Jorunn.

"Una kamera?"

Jorunn akamwambia anayo.

"Panda rasini. Sasa unajua pa kutazama. Mpige Arnulf akiwa juu ya mahali pangu. Nataka nimwone kwa macho yangu anavyonila."

Akaondoka.

Jorunn alipanda. Kila asubuhi, kabla mashua hazijatoka, alikuwa juu ya rasi peke yake, upepo unampiga kutoka upande usio na sweta, kamera kifuani. Machi kwetu bado ni baridi ya kupasua mawe. Alipiga picha bahari, kama zamani, lakini zamani alikuwa hatafuti mtu. Sasa alikuwa anaomba asimwone. Anasikia injini ile ya kutikisa vikombe, anaitoa kamera, anabana pumzi, anangoja. Boti inatoka bandarini, inakuja moja kwa moja kuelekea mahali pale, Jorunn moyo unashuka. Halafu boti inapita. Haipunguzi hata mwendo. Inakwenda mbali, kaskazini, kule ambako samaki ni wadogo, inarudi jioni ikiwa imeelea juu juu kwa wepesi. Kesho hivyo hivyo. Na keshokutwa.

Wengine hawakujua kitu, maana Arnulf hakuwahi kumwambia mtu. Dukani walimwuliza amemwonaje Eilif kwenye theluji ile, akawajibu alimsikia akinuna.

Jorunn alisafisha filamu zake zote. Bahari, moshi, boti ndogo inapita. Kwenye moja, boti ilikuwa imepita karibu sana na rasi, ikiwa sawasawa juu ya mahali penyewe, na ndani ya dirisha la usukani kulikuwa na doa. Akalikuza. Akalikuza tena, mpaka picha ikawa punje punje kama mchanga. Ni Arnulf. Mikono iko kwenye usukani, lakini kichwa amekigeuza kabisa, anatazama bahari. Nahodha, kwenye boti yake mwenyewe, anapita mahali pale amekaa kama abiria.

Hakungoja ikauke. Aliipeleka na sahani. Safari hii mlango ulifunguliwa. Eilif aliilaza picha mezani, akaishikilia pembeni kwa gumba, akainama juu yake muda mrefu. Samaki walipoa.

"Mjinga huyu," akasema mwishowe. "Siku moja atagonga mwamba."

Akavuta sahani akala, pale pale mbele yake, kwa kijiko kilichofungwa kitambaa ili kisiteleze. Jorunn alikaa akamsubiri amalize. Alipomaliza, Eilif alitazama dirishani, akasema upepo umelala, na kwamba kuna mtu anayemfahamu ana hamu na samaki wa kwake mwenyewe, si hawa wa kununua.

Walishuka gatini. Ile injini ndogo ilikohoa, ikakubali. Jorunn alikuwa anakwenda mbele kwenye kasha kama miaka yote, akakuta Eilif ameshakaa hapo. Amekaa vizuri, mikono yake kama ngumi mbili ndani ya soksi za sufi, uso baharini, mgongo pwani.

"Shemeji, geuka basi," Jorunn akamwambia. "Hapa ni kwako."

"Mimi sishiki usukani. Asiyeshika usukani ni abiria. Endesha."

Jorunn aliendesha. Aliitafuta ncha akaiweka juu ya mwamba, akalitafuta pengo akaliweka juu ya ghala, peke yake, bila picha. Akatia nanga. Mbali kidogo boti ya chuma ilikuwa inapita kwenda kaskazini, vikombe vya watu vinatikisika huko nyumbani, na dirishani kwake kulikuwa na kisogo cha mtu. Eilif aliiona. Aliinua soksi moja hewani, akaishusha.

Jorunn aliutia mshipi, lakini kabla ya hapo aliingiza mkono kifuani akaitoa kamera, akabana pumzi. Eilif aliusikia mlio.

"Umepiga nini?"

"Bahari."

Picha ile iko dukani mpaka leo, juu ya mizani. Ile nyingine, ya mlima unaowaka, siku Eilif alipokufa Jorunn aliutoa ukanda wake kwenye kopo, akaikunja na ile karatasi iliyoganda siku walipomwokoa, akavitia vyote viwili mfukoni mwa koti ambalo Eilif alizikwa nalo. Ya dukani ni bahari tu ya rangi ya risasi, moshi kidogo, na kisogo cha mzee mwenye kofia. Wageni wanaokuja na kamera zao huuliza kwa nini amekaa ameupa mgongo mlima mzuri hivi. Tunawapimia samaki wao.